Reli Iliyopinda Darini: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kazi ya Wikendi

Kisa hiki ni cha rafiki yangu, Mtanzania anayeishi kaskazini mwa Ujerumani, aliyejenga reli ndogo ya mfano darini kwake kwa kazi ya Jumamosi na Jumapili tu. Amenipa ruhusa kukiandika. Jina lake, mji anaoishi na jina la stesheni aliyoiiga nimeviondoa, nami nitamwita Mwenye Reli. Niliingia kati kuanzia wikendi ya tisa, na kosa moja kati ya nitakayoyataja ni langu mwenyewe.

Mazingira

Baba yake alikuwa mtu wa genge, yaani wale wafanyakazi wa kutunza njia, kwenye reli ya Tanga. Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na upana wake ni mita moja. Rafiki yangu amekulia kwenye nyumba za reli, mkonge mbele na mkonge nyuma, na mpaka leo akisikia chuma kinagongwa alfajiri hushtuka akidhani genge linaitwa kazini.

Wazo lilimjia Hamburg. Alimpeleka binti yake kutazama Miniatur Wunderland, ile dunia nzima ya reli ndogo iliyofunguliwa mwaka 2001. Binti aliganda mbele ya uwanja wa ndege. Baba mtu alikuwa ameinama pembeni anatazama mataruma, vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli.

Alichagua kipimo cha 1:87, ambacho wapenzi wa reli ndogo wanakiita H0. Kwa kipimo hicho reli ya mita moja inapaswa kuwa na upana wa milimita 11 na nusu. Zinazouzwa madukani zina milimita 12, na tofauti hiyo jicho haliioni. Bahati yake ni kwamba Ujerumani na Uswisi nao wana reli za mita moja, kama ile ya milima ya Harz ambako vichwa vya mvuke vinavuta abiria hadi leo. Kwa hiyo vifaa vya milimita 12 vipo. Alipata kichwa cha mvuke kilichokwisha tumika, cha mfano wa Harz, chenye ekseli tano za kuendesha, akaapa kukipaka rangi upya ili kifanane na vya nyumbani. Rangi imenunuliwa. Kopo halijafunguliwa.

(Kila Mkenya anayepanda darini pale huuliza Garratt, kile kichwa kirefu cha mvuke, iko wapi. Zile za daraja la 59, zilizoundwa na Beyer, Peacock huko Manchester na kupewa majina ya milima, zilifanya kazi upande wa Mombasa na Nairobi, si Tanga. Na hata kwa kipimo cha 1:87, moja ina urefu wa sentimita 36 hivi. Ingekula sehemu ya kumi ya meza.)

Maana meza yenyewe ina urefu wa mita 3.6 na upana wa sentimita 70. Upande wa kushoto kuna stesheni, katikati shamba la mkonge, kulia kuna maficho ambako treni zinasubiri zamu nyuma ya kilima cha plasta. Mstari mkuu umenyooka kutoka mwisho hadi mwisho, na pointi nne za kuhamisha njia. Uwanja wa stesheni ya kweli wenye mita 300 ungehitaji karibu mita tatu na nusu, kwa hiyo alilazimika kuufupisha sana. Fremu ni ya mbao za msonobari. Juu yake aliweka chipbodi, kwa sababu ilikuwepo: mabaki ya kabati la nguo.

Dari haina kikanza wala chochote cha kuzuia joto chini ya vigae. Siku alipoanza, mwishoni mwa Januari, kipimajoto kilisoma nyuzi 6.

Muda aliokuwa nao ni Jumamosi kuanzia saa nane mchana, baada ya soko na mazoezi ya binti ya kuogelea, hadi saa kumi na mbili. Jumapili ni saa tatu tu. Jumla saa saba kwa wiki, zikitoka zote.

Kuna jambo jingine, na ndilo lililobeba kisa chote. Kila Jumapili usiku alituma picha moja kwa familia: kwa Mzee nyumbani, dada yake Dar es Salaam, na kaka yake aliyeko Muscat. Wakaizoea. Ikichelewa, dada anaandika: "Leo treni haikufika?"

Wikendi nane za kwanza

Wikendi mbili za mwanzo ziliishia kwenye meza. Picha ya pili ilionyesha fremu imesimama kwa miguu yake sita, na kaka wa Muscat akajibu, "Hongera kwa kitanda."

Wikendi ya tatu alitandika reli. Mstari mkuu ulikuwa wa vipande vinne vya reli ya kupindika, kila kimoja karibu mita, vimeunganishwa kwa vibati vidogo vinavyovalishwa kwenye ncha. Alivisukuma mpaka ncha zikagusana kabisa, kwa sababu mwanya, alisema, unaonekana vibaya kwenye picha. Umeme, ambao kichwa huupata kupitia reli zenyewe, aliuingiza mahali pamoja tu, stesheni, kwa nyaya mbili. Akaweka kichwa peke yake, bila behewa. Kikaenda, kikarudi. Akaridhika.

Wikendi ya nne ilikuwa ya kokoto, na hapa aliinjoi kweli. Kokoto hizi ni punje ndogo kuliko sukari. Unazimwaga kwa kijiko katikati ya reli, unazisambaza kwa brashi laini mpaka mataruma yatokeze vichwa, halafu unanyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, gundi hujikunja juu yake kama matone ya mvua juu ya vumbi. Kisha gundi nyeupe ya mbao, iliyozimuliwa nusu kwa nusu, inadondoshwa kwa bomba la sindano mpaka maziwa yake yazame. Kesho yake imekuwa jiwe. Kabla ya kumwaga alipitisha sumaku juu ya kokoto zote, maana punje yenye chuma hurukia mota ya kichwa ikaisaga. Picha ya Jumapili hiyo ilikuwa nzuri kuliko zote: reli yenye kokoto zake, imenyooka kama uzi.

Wikendi ya tano, ya sita na ya saba zilikwenda kwenye mkonge. Dada alijitolea kumtumia mfuko wa udongo mwekundu wa Korogwe, lakini udongo kutoka nje ya Ulaya hauruhusiwi kuingizwa kienyeji namna hiyo, kwa hiyo alichanganya plasta na rangi ya unga mpaka akaupata wekundu anaoukumbuka. Kila mche ni vipande ishirini na kitu vya karatasi nene, vimekatwa kama ncha za kisu, vikabandikwa kwa kuzungushwa kwenye waya na kupakwa kijani chenye kivuli cha buluu. Mkonge wa mita moja na nusu unakuwa milimita 17. Dakika kumi kwa mche, miche 140: saa 23 na ushee, yaani wikendi tatu na jioni moja ya Jumatano. Alipanda mistari miwili miwili, nafasi ya njia, miwili tena, kama shambani. Kwa kuwa darini kulikuwa na baridi ya kuumiza vidole, alipanda jikoni juu ya vibao vyembamba, kisha akavipandisha na kuvilaza kando ya reli. Sehemu iliyokaribia kabisa na reli ndiyo pekee aliyoipandia mezani.

Ya nane ilikuwa jengo la stesheni. Mzee alituma ujumbe wa sauti kusema dirisha la ofisi ya tiketi liko upande usio wake. Likahamishwa.

Dawa ya mchana mmoja

Wikendi ya tisa, kwa mara ya kwanza, alifunga mabehewa manane nyuma ya kichwa. Treni ilitoka stesheni vizuri. Ilipovuka kiungo cha pili ilianza kuchoka. Baada ya cha tatu taa zikapepesa, ikasimama katikati ya mkonge. Ndipo aliponipigia simu.

Nilikwenda na malitimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Bila treni, stesheni ilisoma volti 15.6, na mwisho wa mstari 15.5. Ukisomea hapo tu utasema hakuna tatizo. Treni ilipowekwa ule mwisho wa mbali na kuanza kuvuta, mita ilishuka hadi 10.9. Umeme wote ulikuwa unapita kwenye vibati vitatu, na ile gundi ya kokoto ilikuwa imejipenyeza ndani yake na kukauka kama ngozi.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kukipa kila kipande cha reli nyaya zake, kutoka chini ya meza, ili vibati vibaki na kazi ya kushika tu. Hiyo ilidai kutoboa meza, kuvunja kokoto mahali panane na kung'oa mkonge wa kando ya reli. Wikendi mbili, na picha za shimo. Ya pili ni kulehemu vibati vyote vitatu, risasi ipitishe umeme pale gundi ilipouzuia. Mchana mmoja.

Mimi ndiye niliyesema tulehemu. Nilikuwa nimekuja na chuma changu cha kulehemu, nilikuwa na saa nne, na nilitaka kuiona treni ikifika. Saa kumi na moja treni ilifika. Mita ilisoma 15.3 mwisho wa mstari huku treni ikivuta. Jumapili hiyo familia ilipata video badala ya picha, na Mzee akajibu kwa sauti moja fupi, ile "aah" ya mtu aliyeegemea kiti.

Julai

Aprili na Mei zilipita na shughuli nyingine. Jumamosi ya pili ya Julai alipanda darini na binti. Kipimajoto: nyuzi 38. Treni ilitoka stesheni, ikafika kwenye mkonge, na behewa la tatu likaacha reli na kuwavuta wenzake.

Ukisimama huoni kitu. Ilibidi ulaze shavu mezani na kufumba jicho moja. Reli ilikuwa inatambaa kama nyoka kwa urefu wa sentimita 40 hivi, imetoka kwenye mstari wake milimita nne, na mataruma yameng'oka pamoja na kokoto zake kama meno yaliyotoka na ufizi.

Alichofanya kwanza ni kulaumu gundi. Aliisukuma reli irudi mahali pake, akamwaga gundi nzito, akalaza madumu mawili ya maji juu yake usiku kucha. Asubuhi imenyooka. Picha ikatumwa. Wikendi iliyofuata, siku nyingine ya joto, ilipinda tena sentimita 60 mbele ya pale.

Simu ya Mzee

Mazungumzo haya niliyasikia mwenyewe, simu ikiwa imesimamishwa kwenye kopo la rangi.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Nionyeshe hiyo njia. Sogeza. Hapo. Umeitandika lini hii?"

"Februari, Baba."

"Kipindi cha baridi."

"Ndiyo."

"Na nafasi umeacha?"

"Nafasi gani?"

Mzee alinyamaza kidogo. "Reli inahema, mwanangu. Ukiitandika kwenye baridi unaacha nafasi kubwa kwenye kiungo, ukiitandika kwenye jua unaacha ndogo. Sisi tulikuwa na vibati vya kupimia. Wewe umeunga na nini?"

Rafiki yangu alinitazama. Nikasema mimi: "Tumelehemu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mmelehemu," alirudia, kama mtu anayeandika jina la mgonjwa.

Tulivyoamua, na kwa nini

Kabla ya kugusa chochote tulikaa na kupiga hesabu, jambo ambalo lilipaswa kufanyika mara ya kwanza. Reli hizi ni za mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Kila mita yake hurefuka takriban milimita 0.017 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kutoka nyuzi 6 hadi 38 ni nyuzi 32. Kwa mita 3.6 zilizolehemiwa zikawa chuma kimoja, hiyo ni karibu milimita 2.

Milimita 2 ni kidogo, na rafiki yangu hakushawishika. Alikuwa na haki. Sehemu kubwa ya kosa ilikuwa chini ya reli. Chipbodi hunywa unyevu na kuutoa. Dari isiyo na kikanza ina hewa yenye unyevu mwingi wakati wa baridi, kwa hiyo ubao ulikuwa umevimba siku reli ilipotandikwa. Joto la Julai liliukausha. Chipbodi inaweza kusinyaa milimita moja au mbili kwa kila mita, na hapo unapata milimita tatu na nusu hadi saba kwa meza yote. Reli ilikuwa inatanuka juu ya meza inayosinyaa. Tangu siku ile nimeacha kusema "joto limepinda reli" bila kuuliza imelala juu ya nini.

Jambo la kwanza tuliloamua ni kukata viungo vyote vitatu. Kwa msumeno wa vito, siku yenye nyuzi 24, tuliacha nafasi ya unene wa kadi ya benki, karibu robo tatu ya milimita. Tulichagua nyuzi 24 kwa kuwa ziko kati ya baridi na joto la dari hiyo lakini zinaelemea kwenye joto. Tungekata Januari tungelazimika kuacha mwanya mpana zaidi, kama Mzee alivyosema.

Viungo vikishakatwa, umeme haupiti tena, kwa hiyo ile kazi tuliyoikimbia Machi ikawa ya lazima. Nyaya nene mbili zilipita chini ya meza urefu wote, na kutoka kwake nyaya nyembamba nane zilipanda, mbili kwa kila kipande. Nilikuwa nimelala chali chini ya meza, plasta nyekundu ikinidondokea machoni, na kila tundu lilipotokeza juu nilisikia mtu akihesabu miche inayoanguka.

Sehemu ya chini ya chipbodi na kingo zake zilipakwa vanishi mara mbili ili unyevu uingie na kutoka polepole. Mimi nilitaka tuitoe chipbodi kabisa na kuweka plaiwudi. Alikataa: hiyo ni kubomoa kila kitu na kuanza upya, na alikuwa ameshapoteza majira mawili. Kuweka kizuizi cha joto chini ya vigae hakukuwezekana pia, kwa kuwa nyumba ni ya kupanga.

Kokoto tulizirudisha, ila kwenye sentimita tatu za kila kiungo tulizimwaga bila gundi, ili reli iteleze.

Matokeo

Kazi ilichukua wikendi sita. Miche 31 ya mkonge iliharibika, yote ile iliyopandwa mezani. Iliyopandwa kwenye vibao ilinyanyuliwa ikawekwa kando ya dirisha na kurudishwa salama. Mwisho wa Agosti, siku ya nyuzi 35, treni ya mabehewa manane ilikwenda na kurudi mara ishirini bila behewa kuacha reli. Mita ilisoma 15.4 kila mahali.

Januari tulipima nafasi za viungo. Kadi ya benki iliingia na kucheza. Mwanya ulikuwa milimita moja na nusu. Magurudumu yakipita pale hugonga, ta-tak, ta-tak, na behewa jepesi huruka kidogo lakini halitoki.

Lililobaki bovu ni pointi ya mwisho, kwenye maficho. Kichwa cha ekseli tano hukwama pale na kuacha reli mara moja katika mara sita au saba. Kilima cha plasta kimejengwa juu yake, na ili kuifikia ni lazima kukibomoa. Kwa sasa kichwa hicho hakivuki pale.

Uchambuzi

Ukimuuliza mtu nje ya kisa hiki atasema kosa ni kutoacha nafasi. Ni kweli, lakini hilo ni kosa la dakika tano. Ninachotaka kueleza ni kwa nini dakika tano hizo ziligharimu wikendi sita.

Angalia mpangilio wa kazi. Nyaya nane wikendi ya tatu, meza ikiwa tupu na reli haijafunikwa, zingechukua saa tatu. Hazikuwekwa kwa sababu wikendi hiyo ingeisha na picha ileile ya reli iliyokwisha kuonekana. Kokoto zilikuja kabla ya treni kamili kujaribiwa kwa sababu kokoto zinapendeza. Mkonge ulipandwa juu ya mstari ambao ulikuwa umepitiwa na kichwa kimoja tu, mara moja. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba picha ndiyo itapanga kazi; iliingia hivyo hivyo, kwa kuwa mtu mwenye saa saba kwa wiki anataka kuona zimekwenda wapi. Nami simlaumu. Bila picha zile nadhani angeacha wikendi ya tano, kwenye mche wa arobaini. Dada ndiye aliyemfikisha kwenye mche wa 140, na dada huyo huyo ndiye aliyeifunika reli.

Jaribio la wikendi ya tatu lilikuwa na udhaifu wake. Kichwa peke yake kinakula umeme kidogo, na vibati vipya vinapitisha vizuri. Ni kama kujaribu daraja kwa baiskeli. Na malitimita isiyo na mzigo ilitudanganya hata mimi kwa dakika kumi za kwanza: 15.5 mwisho wa mstari, nikaanza kufungua kichwa nikidhani mota imekufa.

Sasa kosa langu. Kulehemu kuliponya ugonjwa tuliouona. Volti zilirudi, treni ikafika, na kwa kipimo cha siku ile nilikuwa sahihi. Lakini vile vibati vilivyokuwa vinazuia umeme ndivyo pia vilivyobakiza nafasi ndogo ya reli kusogea, hata kama ncha zilikuwa zimegusana. Niliifunga. Nilikuwa na saa nne na chuma cha moto, na niliuliza swali moja tu, treni itafika? Sikuuliza kiungo kinafanya kazi gani nyingine zaidi ya kupitisha umeme. Mtu wa genge angeuliza hilo kwanza.

Madumu ya maji sitayasema sana. Kurudisha kitu kilichopinda bila kujua kilichokipinda ni kukihamishia upindaji mahali pengine, na kilihamia sentimita 60.

Yaliyofaa nayo yapo, na mengine yalikuwa ya bahati. Kupandia mkonge jikoni kulitokana na baridi, si mpango, lakini kuliokoa miche 109. Sasa anafanya hivyo kwa makusudi: chochote kinachokaa kando ya reli kinajengwa juu ya kibao kinachonyanyuka. Sumaku pia, kichwa hakijawahi kufunguliwa kwa sababu ya punje.

Kilichotuokoa hasa ni daftari. Tangu wikendi ya kwanza aliandika tarehe, joto la dari na alichofanya, kwa mistari miwili mitatu, tabia aliyoirithi kwa Mzee, ambaye genge lake lilikuwa na kitabu cha njia. Bila nyuzi 6 za Januari kuandikwa mle, hesabu yetu ingekuwa ya kubahatisha, na tungebaki tunabishana kuhusu gundi.

Picha za Jumapili bado zinatumwa. Mwaka huu tatu kati yake zilikuwa za chini ya meza, nyaya nyekundu na nyeusi zimefungwa kwa vipande vya kamba ya katani iliyonunuliwa duka la bustani. Dada aliuliza hivi ni vitu gani. Kaka wa Muscat hakujibu kitu. Mzee alitaka ya tatu ikuzwe, akauliza kwa nini waya wa saba umepita upande wa pili wa fremu.

Kuhusu chipbodi hatujakubaliana. Yeye anasema vanishi inatosha na Januari imethibitisha. Mimi nasema Januari imepima upande wa kuvimba tu, na Agosti ile ilikuwa na nyuzi 35, si 38. Kadi ya benki inakaa mezani, imebanwa kwa pini karibu na kiungo cha pili, na daftari lina ukurasa mtupu wenye kichwa "Julai".